Ukurasa wa Midomo Minne

Finnegans Wake kina kurasa 628. James Joyce alianza kukiandika mwaka 1923, na kilipotoka Mei 1939 kilikuwa kimemla takriban miaka 16, macho yake yakizidi kufifia. Kiingereza cha humo kimekandwa pamoja na makumi ya lugha nyingine, hata neno moja likabeba maana tatu au nne kwa pamoja. Sentensi ya mwisho imekatwa katikati ili ikamalizikie kwenye ile inayofungua kitabu. Wahadhiri wangu wa fasihi walikitaja kwa heshima kisha wakaenda kwenye vitabu vingine. Nakala yangu niliinunua kwa muuza vitabu vya mtumba Nairobi, na kwa miaka mingi ilisimama rafuni kwangu Mombasa bila kunifungulia zaidi ya aya mbili tatu kila nilipoijaribu.

Basi dada yangu aliponialika Basel, anakofanya kazi, ikawa safari yangu ya kwanza kutoka Afrika Mashariki, nilimwambia mapema kwamba Alhamisi moja aniachie. Kutoka Basel hadi Zürich ni kama saa moja kwa treni. Na huko Zürich, kila Alhamisi, katika nyumba moja ya mji wa kale, watu hukutana kukisoma kitabu hicho kwa sauti. Hawajipangii sura nzima, wala nusu yake. Hushika ukurasa, na mara nyingi muda huisha kabla haujaisha. Niliwaandikia kabla ya kuondoka, nikajibiwa kwa maneno machache ya ukarimu: mlango uko wazi, hakuna ada, njoo na kitabu chako, tutakuwa mahali fulani katika sura ya masomo ya usiku.

Habari za viza, za uwanja wa ndege na za baridi nitaziruka. Wengi wameshazisimulia, nami sina jipya la kuongeza.

Niliingia Zürich asubuhi ili niwe na nafasi ya kutembea. Nyuma ya stesheni kuu kuna bustani iitwayo Platzspitz, kwenye ncha ambapo mto Sihl unaungana na Limmat. Joyce alipapenda mahali hapo. Aliishi Zürich kuanzia 1915 hadi 1919, baada ya Vita Kuu ya Kwanza kumtoa Trieste pamoja na mkewe na watoto wawili, na sehemu kubwa ya riwaya yake Ulysses aliiandika katika mji huu. Alirudi tena Desemba 1940, safari hii akiikimbia Ufaransa iliyokwisha kutekwa, na hakumaliza hata mwezi mmoja: alifariki hospitalini tarehe 13 Januari 1941. Nilisimama pale nikiyaangalia maji mawili yakikutana, moja likiwa na rangi tofauti kidogo na jenzake. Sura ya nane ya Finnegans Wake ni mazungumzo ya wanawake wawili wanaofua nguo, kila mmoja ng'ambo yake ya mto, wakimsengenya mama mmoja ambaye ndiye mto wenyewe, na ndani ya umbea wao Joyce amefumba majina ya mito kwa mamia kutoka kila pembe ya dunia. Sihl na Limmat imo. Sura hiyo ndiyo iliyonifanya nisikitupe kitabu, kwa sababu iko rekodi ya mwaka 1929 ambamo Joyce mwenyewe anaisoma sehemu ya mwisho, kama dakika nane hivi, na anayemsikia anajua mara moja kwamba kitabu hiki kiliandikwa kwa ajili ya sikio.

Kisha nikapanda tramu namba 6 hadi kituo cha mwisho, kwenye bustani ya wanyama. Hapo jirani ndipo yalipo makaburi ya Fluntern. Joyce amezikwa huko, na Nora, mkewe aliyemfuata mwaka 1951, yuko naye. Sanamu yake, kazi ya Milton Hebald ya mwaka 1966, imeketi mguu juu ya mguu, kitabu mkononi. Inasimuliwa kwamba Nora alifarijika kwa ujirani wa bustani ya wanyama, kwa kuwa mumewe aliwapenda simba, na pale alipolala angeweza kuwasikia wakinguruma. Mimi sikusikia simba yeyote. Niliwaombea wote wawili, nikashuka mjini.

Augustinergasse ni njia nyembamba ya mawe, yenye nyumba za rangi rangi na madirisha ya mbao yaliyotokeza juu ya vichwa vya wapita njia. Namba 9 ni jumba liitwalo Strauhof, na humo ndimo ilimo Taasisi ya James Joyce ya Zürich, iliyoanzishwa mwaka 1985. Mwanzilishi wake, Fritz Senn, alizaliwa Basel mwaka 1928. Hakuanzia kwenye kiti cha uprofesa. Riziki yake aliipata kwa kusahihisha chapa na kuhariri vitabu, na Joyce alimsoma kwa mapenzi yake mwenyewe, neno kwa neno, hadi maprofesa wakawa wanamjia yeye kuuliza, na vyuo vikuu vikamtunuku udaktari wa heshima. Mwaka 1962 yeye na Clive Hart walianzisha jarida dogo, A Wake Newslitter, ambalo kazi yake ilikuwa kukusanya yale ambayo wasomaji waliotawanyika duniani waligundua juu ya kitabu hiki kimoja: huyu ametambua neno la Kideni, yule jina la mtaa wa Dublin, mwingine sala ya Kilatini. Mawazo ya taasisi nzima yamo katika jarida lile. Hakuna kichwa kimoja kinachokitosha kitabu hiki, kwa hiyo vichwa vikusanywe.

Chumba cha kusomea kimezungukwa na vitabu kutoka sakafuni hadi darini, na katikati kuna meza. Walikuwepo wazee kadhaa, vijana watatu au wanne, mama mmoja wa Kiayalandi, na bwana aliyewahi kufundisha hisabati. Nilikaribishwa kiti bila kuulizwa nimesomea nini. Baadaye niligundua kwamba hilo haliulizwi kabisa, na nadhani ndilo linaloufanya mlango ule uwe wazi kwelikweli.

Sura ya masomo ya usiku inahusu ndugu watatu, wavulana mapacha na dada yao, wakifanya kazi ya shule nyumbani. Joyce ameipanga kama kitabu cha kiada kilichochezewa na wanafunzi. Matini iko katikati. Pambizoni kushoto kuna maandishi ya pacha mmoja, kulia ya mwenzake, mmoja akidhihaki na mwingine akijidai mwanachuoni, na mbele ya safari wanabadilishana pande. Chini kuna tanbihi, nazo ni za msichana. Aliyeongoza kikao alitutazama akasema kwamba kwa ukurasa huu tunahitaji sauti nne. Bwana wa hisabati akapewa katikati. Vijana wawili wakapewa pambizo. Mimi mgeni nikapewa tanbihi.

Tulisoma mara ya kwanza bila kusimama. Mara mbili sauti zilipandana, kwa sababu hakuna kanuni inayosema pambizo lisomwe lini: pale linapoanzia mstari? Mwisho wa aya? Au pamoja na matini, kelele juu ya kelele, jinsi watoto wanavyofanya kazi ya shule katika nyumba yoyote? Wakalijadili hilo kwa makini, nami nikaanza kuona kwamba swali la jinsi ya kusoma kwa sauti lilikuwa tayari ni swali la maana. Anayesoma peke yake kimyakimya hulazimika kuchagua, jicho lake liende kushoto au kulia, na akishachagua anasahau kwamba alichagua. Pale mezani uchaguzi ulifanywa mbele ya watu, na aliyetaka aliupinga.

Kisha tukarudi mwanzo, safari hii kipande kwa kipande. Mmoja anasoma maneno matano, anasimama. Kimya. Mtu anasema anachosikia, hata kama ni kidogo. Mama wa Kiayalandi alisikia wimbo wa mitaani, akauimba kidogo, na kweli mahadhi yake yalikuwemo ndani ya sentensi tuliyokuwa tukiiona kama rundo la herufi. Kijana mmoja alisikia Kilatini cha kanisani. Mwingine alisema kwamba yeye hasikii chochote, na kauli hiyo ikapokelewa kwa uzito uleule. Kati yetu kulikuwa na nakala ya maelezo ya Roland McHugh, kitabu cha mwaka 1980 ambacho kila ukurasa wake umepangwa kulingana na ukurasa wa Finnegans Wake, lakini niliona hawakukimbilia kukifungua. Kwanza masikio ya waliopo, kisha McHugh.

Tulipofika kwenye mchoro wa ukurasa wetu, ule wa 293, bwana wa hisabati aliomba karatasi. Akachora duara mbili zinazopitana, kila moja ikipita katikati ya mwenzake, akaunganisha nukta tatu zikawa pembetatu yenye pande sawa. Hili, akasema, ni pendekezo la kwanza kabisa katika kitabu cha kwanza cha Euclid. Kwa zaidi ya miaka elfu mbili ndipo wanafunzi walipoanzia jometri. Katika kitabu cha Joyce pacha mmoja anamfundisha mwenzake mchoro huo, na taratibu unageuka kuwa umbo la mama yao. Herufi za kwenye nukta zinatuelekeza kwa jina lake, Anna Livia Plurabelle. Na kwa kuwa mama huyo ndiye mto, pembetatu ni delta yake, mahali anapoingia baharini. Hapo nikasema neno langu la kwanza. Niliwaeleza jinsi mto Tana unavyojigawa na kutawanyika kabla ya kuifikia Bahari ya Hindi, hata mtu aliyesimama kati ya mikono yake hawezi kusema mto umeishia wapi na bahari imeanzia wapi. Bwana yule akauangalia mchoro wake, akaongeza kwa kalamu njia nyingine tatu za maji upande wa chini.

Ilipita kama saa moja na nusu. Tulikuwa hatujaumaliza ukurasa, na hakuna aliyesema tumechelewa.

Hali ile nilikuwa naijua, na ilinichukua muda kukubali kwamba naijua. Nimekulia Mombasa, mtaa wa Kibokoni, na baada ya alasiri nilikuwa nikienda na mama yangu kwenye darsa za wanawake. Mwalimu husoma aya, hufuata tarjama, kisha husimama. Mbele yetu ilikuwa tafsiri ya Kurani ya Sheikh Abdulla Saleh Farsy, ile iliyochapishwa kamili mwaka 1969. Mmoja anauliza kuhusu mirathi, mwingine anamrudisha mwalimu kwenye neno alilolipita haraka, na adhana ya magharibi ikilia tunatia alama tulipofika na kwenda zetu. Wiki ijayo tunaanzia hapohapo. Vitabu vya zamani vya masharifu na mashehe wetu vimepangwa vilevile, matini katikati na hashia pambizoni, mkono wa mwanafunzi ukijibizana na mkono wa mwalimu wa mwalimu wake. Ukurasa wa Joyce ulipofunguliwa mbele yangu, wenzangu waliushangaa kwa jinsi ulivyojaa. Mimi nilijua pa kuanzia kutazama.

Tofauti ipo na sitaificha. Kitabu cha darsa ni kitukufu, na mwalimu ana silsila. Maneno yake yana uzito ambao wangu hauna. Zürich hakuna aliyekuwa na neno la mwisho, hata aliyeongoza. Lakini namna ya kuketi ni ileile, na imani ni ileile kwamba maneno haya yanastahili muda wetu na kwamba jirani yangu anaweza kuona nisichokiona.

Kinachoniuma ni kwamba sisi wa pwani tumeuhifadhi usomaji huu kwa ajili ya Kitabu kimoja, na fasihi yote iliyobaki tumeikabidhi kwa haraka. Riwaya na tamthilia tunazisoma shuleni kwa ajili ya mtihani. Mwanafunzi ana mwongozo, ndani yake muhtasari wa kila sura, orodha ya maudhui, orodha ya wahusika na sifa zao, na wengi humaliza kidato cha nne bila kukaa na sentensi moja ya kitabu kwa muda wa kutosha kuipenda au kuikasirikia. Kisha tunasema Waswahili hawasomi. Waswahili waliketi karne kwa karne mbele ya maandiko magumu. Hawakuketi peke yao, wala hawakukimbia.

Wala jambo hili si la Zürich tu. Mwaka 1373 mji wa Florence ulimlipa Giovanni Boccaccio asome na kumfafanua Dante hadharani, kanisani, mbele ya yeyote aliyetaka kuja. Alianza Oktoba, akaenda polepole sana, na afya ilipomkatalia mwanzoni mwa mwaka uliofuata alikuwa amefika utenzi wa 17 wa Jehanamu, ilhali Komedia nzima ina tenzi 100. Kutomaliza hakukuifanya kazi yake kuwa bure. Usomaji wa Dante wa aina hiyo unaendelea Italia hadi leo. Na huko Venice ya California, kikundi kilichoanza Finnegans Wake mwaka 1995 kilifika ukurasa wa mwisho mwaka 2023. Miaka 28. Nikiufikiria muda huo siioni subira peke yake. Nawaona watu ambao kwa robo karne walikuwa na mahali pa kwenda, na pa kusikilizwa.

Baada ya kikao watu hawakuondoka mara moja. Waliposikia natoka Mombasa, kijana wa pambizo la kushoto alifungua kitabu chake kwenye sura ya nane, sura ya wafuaji, akanionyesha maneno aliyoyapigia mstari kwa penseli: mtu, mti, tembo, tumbo, pilipili. Nilikuwa nimesikia kwamba yamo. Joyce alikuwa akikusanya orodha za maneno ya lugha mbalimbali katika madaftari yake, na Kiswahili kilipata nafasi. Miaka ya 1960 jarida la akina Senn lilichapisha makala juu ya maneno hayo. Maana zake McHugh amekwisha kuziandika. Walichotaka kwangu ni sauti. Nikasoma kifungu chote, Kiingereza, Kiswahili na vingine nisivyovijua, na nilipofika kwenye maneno yetu ulimi ulikwenda wenyewe, mkazo ukaangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na mwendo wa sentensi nzima ukabadilika. Wakaniomba nirudie. Mama wa Kiayalandi akasoma baada yangu kwa lafudhi ya Dublin, kisha mimi tena, na kwa muda tulikuwa wawili kweli, mmoja ng'ambo hii na mmoja ng'ambo ile, tukirushiana umbea wa mto.

Treni ya kurudi Basel ilikuwa imejaa. Nilisimama karibu na mlango nikiandika nyuma ya tiketi majina ya watu wa Mombasa ambao ningeweza kuwaita tusome pamoja. Kitabu nilikuwa nacho kichwani tayari, nacho si cha Joyce. Ni Nagona, riwaya fupi ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 1990, ambayo pamoja na mwenzake Mzingile wa mwaka uliofuata iliwaacha wasomaji wengi wakijiuliza mwandishi wa Rosa Mistika amepatwa na nini. Haivuki kurasa mia. Kwa haraka tuliyonayo inasomwa kwa usiku mmoja, na ndiyo maana haijasomwa.

Sasa tunakutana Alhamisi baada ya isha, sebuleni kwangu. Yuko mwalimu wa sekondari, yuko mfamasia, yuko mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Pwani anayekuja kutoka Kilifi, na yuko jirani yangu mshonaji ambaye alisema amekuja kusikiliza tu. Tumekubaliana mambo machache. Anayesoma asome kwa sauti na asizidishe aya. Miongozo na tahakiki zibaki nyumbani mpaka sote tuwe tumesema. Asiyesikia kitu aseme hasikii. Chai na mahamri baada ya kusoma, si wakati wa kusoma, kwa maana tulijaribu na kurasa zikapata mafuta.

Tungali ukurasa wa kwanza. Mwalimu ana haraka kidogo, ni mazoea ya silabasi, na wiki iliyopita alitaka tuufungue wa pili. Jirani yangu mshonaji ndiye aliyekataa. Aliuliza huyu msimulizi anazungumza na nani, akatutazama mmoja mmoja, na mfamasia alipojaribu kujibu akamwambia, "La, mwanangu, umekisia. Nionyeshe ni wapi palipoandikwa." Tukaanza tena kutoka juu.